Jinsi ya kufuatilia mwandishi kachota wapi, hata kama ni vizazi vinne nyuma

Watu wengi wakisoma vitabu viwili vinavyofanana wanakimbilia kusema huyu kaathiriwa na yule, ukiwauliza umejuaje wanakuambia si unaona wote wameandika kuhusu mapenzi, au wote wameandika kuhusu kifo, au wote wanapinga ukoloni. Hiyo haitoshi hata kidogo. Mapenzi na kifo kila mtu anavijua bila kusoma kitabu cha mtu. Mi hii kazi ya kujua nani alisoma nani naipenda sana, na ninachotaka kukuonyesha hapa ni kwamba ushahidi mara nyingi haukai kwenye mambo makubwa, unakaa kwenye vitu vidogo vya ajabu, pesa isiyo ya mahali pale, bustani iliyowekwa upande usio wake wa mto, harufu ya manukato inayohama kutoka kitabu hadi kitabu. Wale tuliosoma Kiswahili shuleni tulizoeshwa kuchambua fani na maudhui, sasa kwenye kazi hii anza na fani na vitu vidogo vilivyomo ndani yake, maudhui yatakuja baadaye.

Chukua ukurasa mmoja tu

Usianze na swali kama "Shakespeare aliathiriwa na nani", utazunguka mwaka mzima na hutafika popote. Chukua hotuba moja, aya moja, beti mbili tatu. Tuchukue Julius Caesar, kitendo cha 3 onyesho la 2, pale Antony, rafiki wa Kaisari, anapowasomea wananchi wa Roma wosia wa Kaisari aliyeuawa. Anasema kila raia kaachiwa drakma 75.

Sasa simama hapo hapo. Drakma ni pesa ya Wagiriki. Waroma walikuwa na dinari na sesterti, na Suetonius, ambaye ni Mroma, akiandika habari hiyo hiyo anataja sesterti 300, ambazo ni sawa na dinari 75. Kwa nini basi Mroma wa Shakespeare anagawa pesa ya Kigiriki? Kwa sababu stori imepitia kwa Plutarch, Mgiriki aliyeishi karne ya 1 na kuingia ya 2, aliyeandika maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma kwa lugha yake, na kwenye maisha ya Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, akaiandika ile hesabu kwa pesa ya kwao. Kitu kidogo kama hicho tayari kimeshakuambia njia imepita wapi.

Mistari michache mbele Antony anasema Kaisari kawaachia pia bustani zake zilizopo upande huu wa mto Tiber. Hapana, bustani zilikuwa ng'ambo ya mto. Plutarch mwenyewe kasema ng'ambo, yeye hana kosa. Kosa liliingia kwa Jacques Amyot aliyemtafsiri Plutarch kwa Kifaransa mwaka 1559. Alafu Thomas North alipokuja kumleta Plutarch kwa Kiingereza mwaka 1579 hakutumia Kigiriki, alitumia Kifaransa cha Amyot, akalibeba kosa kama lilivyo, na karibu miaka 20 baadaye Shakespeare akiwa na North mezani akalichukua naye. Kosa moja limepita mikono mitatu na nchi mbili bila mtu kulishtukia, na kila mkono limeacha alama.

Ndo maana nakwambia makosa ni mali. Ukweli watu wawili wanaweza kuupata kila mtu kivyake, ila kosa lile lile kwenye sentensi ile ile ni vigumu sana watu wawili walizue bila mmoja kumsoma mwenzake. Na mnyororo wenyewe haukuishia London, mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akaitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, na toleo aliloliboresha la 1969 ndo linaitwa Juliasi Kaizari. Ukiwa nalo nyumbani lifungue pale pale kwenye wosia, angalia pesa imetajwaje na bustani zimewekwa upande gani, hapo utakuwa umefuatilia sentensi moja kutoka Kigiriki cha zamani hadi Kiswahili kwa mikono yako mwenyewe.

Angeweza kukisoma? Na kwa lugha gani?

Hii hatua haina raha sana ila ukiiruka kila kitu kinaanguka. Andika miaka. Kitabu cha kwanza kilitoka lini, cha pili kilianza kuandikwa lini (sio kutoka, kuandikwa), na kile cha kwanza kilipatikana lini kwa lugha ambayo mwandishi wa pili anaijua. Watu wanasahau sana wafasiri. Ukisoma waandishi wa Ufaransa wa nusu ya pili ya karne ya 19 wakimsifia Edgar Allan Poe, mwandishi wa hadithi wa Marekani, wengi walikutana naye kwa Kifaransa cha mshairi Baudelaire, ambaye kitabu chake cha kwanza cha kutafsiri hadithi za Poe kilitoka 1856. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha maneno usilinganishe na Poe wa Kiingereza, linganisha na Baudelaire, vinginevyo utaona tofauti ambazo hazikuwepo na utakosa kufanana kulikokuwepo.

Tafuta ushahidi wa macho kwenye ukurasa

Barua, shajara, orodha ya vitabu alivyokuwa navyo, alichoandika pembezoni mwa ukurasa. Huu ndo ushahidi mtamu kuliko wote. Melville kwa mfano, Mmarekani aliyeandika riwaya ya Moby-Dick, Februari 1849 yuko Boston anamwandikia rafiki yake barua kwa furaha kabisa kwamba kapata Shakespeare wa maandishi makubwa, sababu macho yake yalikuwa dhaifu na matoleo mengine yalikuwa na herufi ndogo sana. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mwaka 1851 Moby-Dick inatoka, na kuna sura humo zimeandikwa kabisa kama tamthilia, na maelekezo ya jukwaani, na Ahab anaongea peke yake kama mfalme wa kwenye tamthilia. Vitabu vyake hivyo vya Shakespeare vipo mpaka leo na alama zake za penseli, na kuna mradi wa kwenye intaneti unaoonyesha alama za Melville kwenye vitabu alivyosoma, unaweza kwenda kuangalia mwenyewe. Nikikutana na kitu kama hicho mi huwa siwezi kulala mapema, mtu aliyekufa 1891 na unaona kabisa pale ndipo alipoishika penseli.

Kama hakuna penseli, tafuta tendo lililo karibu zaidi na kusoma. Nakupa mfano wa Gandhi. Mwaka 1904 rafiki yake Henry Polak alimpa kitabu cha John Ruskin, Unto This Last, akakisoma kwenye treni kutoka Johannesburg kwenda Durban. Hiyo stori kaisimulia yeye mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, lakini aliiandika miaka 20 hivi baadaye, na binadamu tukisimulia ya zamani tunayapanga vizuri kuliko yalivyokuwa. Kwa hiyo usiishie kwenye kumbukumbu, tafuta kilichofanyika pale pale. Na kipo, mwaka huo huo wa 1904 alianzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban, watu waishi na kufanya kazi pamoja kwa kufuata mawazo ya kitabu hicho, na mwaka 1908 akakitoa kitabu cha Ruskin kwa Kigujarati kwa maneno yake. Maneno ya mtu na matendo yake yakikutana kwenye mwaka mmoja basi umeshika kitu.

Na usiamini kila mnyororo unaorudiwa rudiwa na watu. Utasikia kila mahali Thoreau, Mmarekani, kaandika insha yake ya kukataa kutii serikali mwaka 1849, Gandhi akaisoma akapata wazo, Martin Luther King akalichukua kwa Gandhi. Inapendeza, ila Gandhi mwenyewe kwenye barua ya 1935 alisema sio kweli kwamba wazo alilitoa kwa Thoreau, upinzani wa kule Afrika Kusini ulikuwa umeshafika mbali kabla hajaipata ile insha. Alichochukua zaidi ni jina la kuwaelezea wasomaji wa Kiingereza, na nguvu ya kuona kuna mtu mwingine aliwahi kuwaza hivo. Hiyo nayo ni athari, ila ni ya aina nyingine kabisa na ukiichanganya na ile ya kwanza unamwonea Gandhi. Tolstoy, mwandishi wa Urusi, ndo uzi mnene zaidi hapo, Gandhi alimsoma mapema akiwa Afrika Kusini, waliandikiana barua 1909 na 1910, na shamba lililoanzishwa 1910 karibu na Johannesburg likaitwa kwa jina la Tolstoy.

Kwa King nyuzi zote zinakutana. Thoreau alimsoma moja kwa moja akiwa mwanafunzi pale chuo cha Morehouse, na Gandhi alimfikia kupitia hotuba ya mhubiri Mordecai Johnson aliyoisikia Philadelphia, akatoka pale akaenda kununua vitabu nusu dazeni kuhusu Gandhi. Kaeleza yote kwenye kitabu chake cha 1958. Ona hapo kwamba katikati kuna mtu ambaye hatajwi sana. Kila mara uliza nani alikuwa katikati, mwalimu, mfasiri, mhubiri, rafiki aliyeazimisha kitabu. Hawa wanasahaulika na wao ndo waliobeba.

Kabla hujasema A kamwathiri B, tafuta C

Watu wawili wanaweza kufanana sura sio kwa sababu mmoja kamzaa mwenzake ila kwa sababu wana babu mmoja. Wanasayansi wawili wa Uingereza, Darwin na Wallace, walifika kwenye wazo lile lile la uteuzi wa asili, maandishi yao yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Ukiziona tarehe tu unaweza kudhani kuna wizi. Lakini Darwin alimsoma Malthus mwaka 1838 kuhusu watu kuongezeka kuliko chakula, na Wallace naye alikuwa amemsoma Malthus miaka ya nyuma, akamkumbuka mwaka 1858 akiwa na homa huko visiwani kusini mashariki mwa Asia. Insha ya Malthus ilitoka kwa mara ya kwanza 1798. Kwa hiyo ukiona mfanano, pandisha juu kizazi kimoja zaidi kabla hujatoa hukumu.

Anayepinga naye kaathiriwa

Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanadhani kuathiriwa maana yake ni kusifia na kuiga. Chinua Achebe akiwa chuo Ibadan alisomeshwa Mister Johnson ya Joyce Cary, riwaya ya 1939 inayohusu Nigeria, na jinsi Wanigeria walivyochorwa humo ndo moja ya vitu vilivyomsukuma kuandika stori yao mwenyewe. Kitabu chake kikatoka 1958. Yaani Cary yupo ndani ya kile kitabu kama mtu unayebishana naye, humtaji jina ila kila unachosema unamjibu. Ukitaka kuona ubishi kama huo hadharani soma hotuba yake ya 1975 kuhusu Conrad, aliyeandika Heart of Darkness, riwaya inayohusu Kongo, pale hafichi.

Na mtu huyo huyo anayebishana na Cary na Conrad, jina la kitabu chake, Things Fall Apart, kalitoa kwenye shairi la Yeats, Muayalandi, lililochapishwa 1920. Mwandishi mmoja anaweza kumkataa mmoja na kumchukua mwingine kwenye kitabu kimoja, usimlazimishe awe upande mmoja. Alafu shuka chini kizazi kimoja, fungua Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie ya 2003, sentensi ya kwanza kabisa ina maneno yale yale ya kuanza kusambaratika, safari hii ni nyumba ya familia moja ndo inayosambaratika. Kwa Yeats ni dunia nzima, kwa Achebe ni jamii ya kijiji, kwa Adichie ni meza ya baba na watoto wake. Watu wanapenda sana kutaja kwamba Adichie alikulia Nsukka kwenye nyumba ambayo Achebe aliwahi kukaa, ni kweli na ni stori nzuri, ila nyumba haiandiki kitabu. Ile sentensi ya kwanza ndo ushahidi.

Wakati mwingine mpinzani anasema wazi. Kwenye riwaya ya kwanza ya mpelelezi Sherlock Holmes, ya 1887, rafiki yake Watson anamwambia Holmes unanikumbusha Dupin, mpelelezi wa kwenye hadithi za Poe, Holmes anamponda Dupin pale pale. Arthur Conan Doyle hakuwa anaficha, alikuwa anakuonyesha mlango alioingilia. Dupin alianza 1841, na umbo lote lipo tayari pale, mtu mwenye akili ya kutisha na rafiki wa kawaida anayesimulia bila kuelewa mpaka mwisho. Umbo hilo linatembea sana. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua kwa Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum, Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, 1960.

Sasa swali lenyewe: kabadilisha nini?

Ukishathibitisha kwamba alisoma, kazi ndo kwanza inaanza. Mtu akiishia kusema "hii imetoka kule" kaacha nyama kala mfupa. Chukua karatasi igawe katikati, kushoto weka cha zamani, kulia cha kipya, mstari kwa mstari, alafu piga mstari chini ya kila kisichokuwepo kushoto.

Tufanye na Kleopatra. North, kwa kumfuata Plutarch, anaeleza malkia huyo wa Misri alivyokuja kwenye mto Cydnus kukutana na Antony: chombo chenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya dhahabu, matanga ya zambarau, makasia ya fedha yanayopigwa kwa kufuata filimbi, na manukato yanasikika mpaka ufukweni. Shakespeare kwenye Antony and Cleopatra, kitendo cha 2 onyesho la 2, kachukua karibu vyote, tezi ya dhahabu ipo, matanga ya zambarau yapo, makasia ya fedha yapo, filimbi zipo. Hajajisumbua kubadilisha rangi. Lakini angalia upande wa kulia: matanga yananukia mpaka upepo umeyapenda na kuugua mapenzi, maji yanayakimbilia makasia kama vile yamependa kupigwa. Kwa North upepo na maji vilikuwa ni upepo na maji. Shakespeare kavipa tamaa. Na maneno hayo hajampa mpenzi, kampa Enobarbus, askari aliyezoea vita, kwa hiyo ukimsikia askari anaongea hivo unajua huyo mwanamke si wa kawaida. Hivyo viwili, tamaa ya upepo na mdomo wa askari, ndo vya Shakespeare mwenyewe, vingine kakopa bila aibu.

Usiishie hapo. Mwaka 1922 T. S. Eliot kwenye shairi lake refu The Waste Land, sehemu ya pili, anaanza na mwanamke aliyekaa kwenye kiti kinachong'aa kama kiti cha enzi, kwa maneno yanayofuata kabisa ya Enobarbus, na kwenye maelezo aliyoyaweka mwenyewe nyuma ya shairi anakutajia tamthilia na mahali. Hutakiwi kukisia. Ila fuata yale manukato. Kwa Plutarch yanawafikia watu wa ufukweni, kwa Shakespeare yanaulevya upepo, kwa Eliot yamekaa kwenye vichupa ndani ya chumba, ni ya kutengenezwa, na yanamziba mtu pumzi, na mwanamke mwenyewe hana raha, anasema mishipa ya fahamu inamsumbua usiku huu. Mto hakuna. Harufu ile ile, vizazi vimepita, na kila mmoja kaipeleka mahali ambapo mwenzake asingeweza kufika. Mi hapa ndipo ninapoona athari kwa macho, mtu anapokea kitu kizima kizima alafu kinageuka mkononi mwake.

Namna ya kuandika ulichokipata

Kuwa mwangalifu na maneno. Nakushauri uwe na ngazi tatu na usizichanganye. "Alisoma" ni pale una barua, penseli, maelezo yake mwenyewe au kosa lililonakiliwa. "Inaelekea alisoma" ni pale kitabu kilikuwepo kwa lugha yake na wakati wake na kuna vitu vidogo zaidi ya kimoja vinavyolingana. "Zinafanana" ni pale huna kitu zaidi ya kuona mfanano, na sio aibu kuandika hivyo, msomaji atakuheshimu. Kila dai liwekee sentensi zote mbili kando kando ili mtu aone mwenyewe, sio akuamini wewe. Na kama mwandishi yuko hai na kasema kwenye mahojiano kwamba hakumsoma fulani, liweke na hilo, hata kama linakuharibia.

Vitabu vingi vya zamani nilivyovitaja vinapatikana bure Project Gutenberg na Internet Archive, kwa hiyo huhitaji maktaba kubwa kuanza. Kama hujui uanzie wapi, tafuta insha ya Mfaransa Montaigne kuhusu walaji watu, kwa Kiingereza cha John Florio cha 1603, alafu iweke kando ya The Tempest, kitendo cha 2 onyesho la 1, pale mzee Gonzalo anapoeleza angeitawala vipi nchi ingekuwa yake. Orodha ya vitu ambavyo visingekuwepo, biashara, maandishi, hakimu, utaikuta pande zote mbili karibu kwa maneno yale yale. Igawe karatasi kama nilivyosema, na upande wa kulia usisahau kuandika Sebastian na Antonio wanamjibu nini huyo mzee, kwa sababu kwa Montaigne hakuna mtu anayemkatisha.